Kofia ya Kiboksi

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo aibu yangu, na afadhali niitoe mwenyewe kabla wengine hawajanitolea. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili na kuwaeleza namna joto linavyosafiri kwenye chuma, kwenye maji na kwenye hewa. Nawachorea sufuria na kijiko, na wanaosinzia nawakaripia. Pamoja na yote hayo, ilinichukua wiki tano kujua kwa nini kiboksi cha mama yangu kinazima.

Kiboksi chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni ya kufulia. Ni vile vya kuunganisha televisheni na intaneti. Nilikinunua Bukoba mjini, nikaondoka nacho nyumbani kwangu Kahororo nikampelekea mama Muleba, kwa kazi moja tu. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni mtawa huko Italia. Alikuwa anakaribia kuweka nadhiri za daima, na misa ya siku hiyo ingerushwa mubashara. Mama ana magoti mabovu, hajawahi kupanda ndege, na hana mpango wa kuanza uzeeni.

Msije mkadhani mama hapendi utawa. Anasali rozari mpaka kuku wake wanajua inapoishia. Shida yake ilikuwa mwanawe. Miaka tisa alikuwa akimsikia kwenye simu akisema "sijambo mama, nina furaha", na miaka tisa hakumwamini.

"Kwenye simu kila mtu ni mzima," aliniambia. "Nataka nimuone uso, wakati yeye hanioni."

"Na ukiona hana furaha?"

"Namwambia arudi. Chumba chake kipo, kibanja cha migomba kipo, ndizi zipo."

Nikamwambia nadhiri za daima si mkataba wa kukodi shamba. Akanijibu kwamba na yeye si mama wa mkataba. Namjua. Mimi mwenyewe aliwahi kunitoa shule ya bweni katikati ya muhula, kisa mwandiko wangu kwenye barua ulikuwa "umeinama". Alikuja kwa miguu mpaka barabarani, akapanda lori la kahawa, akamwambia mkuu wa shule kwamba mtoto ana huzuni, basi. Nikakaa nyumbani wiki mbili nikila na kulala, na kweli nilikuwa na huzuni. Kwa hiyo aliposema atamwambia arudi, nilijua hatanii, na niliogopa kwa niaba ya mdogo wangu.

Siku ya kwanza nilikifunga kiboksi mwenyewe, pale kwenye meza ya televisheni, kikafanya kazi vizuri. Nikamfundisha mama rimoti, nikarudi zangu mjini. Jumapili iliyofuata akapiga simu.

"Kimekufa."

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Misa ilifika Injili, padre akaganda mdomo wazi, kikafa."

Ikawa hivyohivyo kila Jumapili. Dakika ishirini, ishirini na tano, picha inaganda, kisha giza. Wiki ya pili nikafunga safari kwenda kuona. Nikakuta mama amekihamishia kwenye kabati la vyombo, lile la milango ya kioo, pamoja na vikombe vya wageni. Nyaya zimepenyezwa kwenye upenyo wa mlango, kabati limefungwa, na ufunguo unaning'inia kifuani pake, kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira Maria. Tena alikuwa amekifumia kofia.

Lazima mwelewe sebule ya mama. Hakuna kitu kinachokaa uchi mle ndani. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi, hata jagi la maji lina chake chenye shanga pembeni. Kiboksi kilikuwa kimepewa cheo kuliko vyote: kofia nene nyeupe ya uzi wa sufu, yenye marinda ya waridi, iliyokikaa sawasawa kama ilipimwa na fundi cherehani. Na mimi, mwalimu mzima, nikaisifia. Nikaipiga picha nikamtumia mdogo wangu, akanirudishia vicheko mstari mzima.

Nikakivua kofia, nikaikunja kwenye mkoba, nikakipeleka kiboksi kwa fundi mjini. Kikacheza mezani kwake kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri bila kukohoa. Fundi akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, hiki ni kizima." Nikakirudisha Muleba. Mama akakivika kofia yake, akakifungia kabatini, kikafa kwenye Injili.

Basi nikaanza kugombana na dunia. Niligombana na fundi, akanibadilishia chaja ili nimwondokee. Niligombana na watu wa mtandao kuhusu bando. Nilimtuhumu hata jirani wa mama, mama mmoja mpole anayeuza barafu za juisi, kwamba friji lake linavuta umeme wote wa kitongoji. Nikamwomba alizime Jumapili moja. Akakubali bila neno, barafu zake zote zikayeyuka, na kiboksi kikafa vilevile. Naona haya mpaka leo.

Siku ya nadhiri ilikuwa Jumamosi, misa ikianza saa sita mchana kwa saa zetu. Mama alivaa kitenge ambacho hakikuwa kimeguswa na maji bado. Jirani naye akaja na kigoda chake, maana alishanisamehe kabla sijaomba. Nikawasha. Likatokea kanisa kubwa la mawe, kwaya ikaimba, watawa watano wakaingia kwa mstari, wote nguo moja, wote wameinamisha vichwa. Mama akasogea mbele ya kochi.

Katika somo la pili msomaji akaganda. Kisha giza.

Mama aliniangalia tu, na ningependelea anipige. Nikamwomba ufunguo kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi, nikafungua kabati.

Joto likanijia usoni kama ninafunua sufuria ya ndizi. Nikaingiza mkono chini ya kofia. Kiboksi kilikuwa cha moto kiasi cha kunyooshea kola. Nikasimama pale nikiwa nimekishika, na silabasi nzima ya kidato cha pili ikanipita kichwani. Kioo. Sufu. Hewa isiyotembea. Nikajiita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

"Mama," nikasema, "kimevaa sweta ndani ya oveni."

"Si uliisifia?" akasema mama.

Nikakimbilia jikoni nikaleta sufuria kubwa ya msibani, nikaijaza maji ya mtungini, nikaifunika kwa mfuniko uliogeuzwa, nikaufuta ukauke, na kiboksi nikakilaza juu yake bila nguo hata moja. Jirani akatoka mbio, akarudi na ndoo ya barafu za pasheni, nikainua mfuniko, naye akazimimina zote kwenye maji, na vifuko vyake. Mama akachukua ungo akaanza kupepea. Alikuwa anapepea kwa hasira, huku anakitazama kile kiboksi kilivyo uchi mbele ya mgeni, na najua kilimuuma.

"Tutakosa mahubiri," nikasema.

"Mahubiri si hoja. Pepea upande huo."

Dakika saba hivi. Nikabonyeza. Taa ikawaka, ikasita, ikakaa. Kanisa likarudi, na askofu alikuwa ndio kwanza anaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikaipenda fizikia kwa moyo wote.

Wakaitwa mmoja mmoja. Kamera ilikuwa nyuma yao, tunaona migongo tu. Mimi, dada yake niliyembeba mgongoni, sikuweza kumtambua. Mama akasema, "Wa tatu. Huyo anayekanyagia nje." Hakuacha kupepea. Wakalala kifudifudi sakafuni, litania ikaimbwa ndefu, jirani akaitikia kila mtakatifu. Wakainuka. Mdogo wangu akaweka nadhiri zake kwa Kiitaliano, hatukuelewa neno, lakini sauti ilikuwa yake. Kisha wakageuka kuwatazama watu, na kamera ikasogea.

Alikuwa analia.

Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Nilitaka nizime. Nilitaka nimwambie mama kwamba watu hulia kwenye harusi pia, kwamba ni moshi wa ubani, chochote. Lakini mama alikuwa ameacha kupepea. Ungo umelala mapajani, shingo imenyooka, anamsoma mwanawe kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka shingoni na kurudi juu. Nikauchukua ungo nikapepea mimi, kimyakimya, mpaka baraka ya mwisho.

Mama akainuka akaenda kupakua chakula. Tukala ndizi na maharage, jirani akasifia kwaya, mimi nikawa namtazama mama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Aliniuliza kama nataka chumvi. Nikataka kupiga meza.

Alasiri simu ikalia. Mdogo wangu. Nikaweka sauti ya nje.

"Mama, uliniona?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeitwa ofisini. Alijua. Siku zote alikuwa anajua kwa nini mama alitaka kutazama.

"Nilikuona," mama akasema. "Umenenepa, mwana wange."

Huko ng'ambo nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Mashavu yamejaa," mama akaendelea. "Ngozi inang'aa. Mtu anayeteseka hawi na mashavu yale. Basi kaa."