Maumivu Yako ni Ngapi, Mathe?

Nilipozinduka baada ya kutolewa mawe ya nyongo katika hospitali moja mjini Nakuru, mtu wa kwanza kumwona alikuwa muuguzi kijana, mrefu, wa wale wanaomwita kila mama "mathe", ameniinamia kama anayechungulia kisima.

"Mathe, unanisikia? Kutoka ziro mpaka kumi, uchungu ni ngapi?"

"Kumi ni nini?"

"Kumi ni ule uchungu mbaya kabisa unaoweza kufikiria."

Hapo ndipo alipokosea. Mimi ni fundi wa nguo. Kutwa nzima niko kibandani kwangu Kiamunyi nakanyaga cherehani, na kazi hiyo humwachia mtu nafasi kubwa ya kufikiria. Nilifumba macho, nikafikiria kiboko amenikalia. Kisha nikafikiria kiboko yuyo huyo amenikalia, halafu akapatwa na usingizi. Nikilinganisha na hayo, tumbo langu lilikuwa na nafuu.

"Mbili," nikasema.

"Safi sana!" Akaandika, akaenda zake.

Muda si muda dawa ya usingizi ikaniisha mwilini, nikaona heri ya kiboko. Nikaita kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Kijana akarudi mbio, akanichoma sindano, akasikia habari za kiboko, akanisihi siku nyingine nisiende mbali hivyo. Nifikirie tumbo tu.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu kule Gilgil. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa henia siku ile ile yangu, na alilala amenyooka kama gogo, meno ameyauma. Muuguzi akamgeukia.

"Na wewe mathe, uko ngapi?"

"Wewe unasema ngapi?"

"Mimi siwezi kusema. Uchungu ni wako."

"Haya, tisa."

"Tisa?" Kijana alishtuka, maana mara ya mwisho alikuwa ameambiwa nne.

Mama akadhani kijana anaona bei ni kali. "Basi saba. Ni kwa sababu ni wewe."

"Mathe, sitaki upunguze."

"Sita, na hiyo ni ya mwisho. Ukiona haikufai, uliza kitanda kile kingine."

Kitanda kile kingine kilikuwa changu, nami nilikuwa nimeshaanza kucheka. Asiyewahi kucheka na mshono mbichi asitamani. Kila kicheko kilinivuta tumbo kama mtu anayefumua pindo kwa nguvu. Nikaukumbatia mto, machozi yakinitoka, nisijue ninalia au ninacheka.

Kijana hakukata tamaa. Akaleta kadi iliyochorwa nyuso, wa kwanza unatabasamu, wa mwisho unabubujikwa na machozi. Akamwelekeza mama aoneshe ule unaofanana na hali yake.

Mama akaikodolea macho. "Huyu wa mwisho ni shemeji yangu."

"Ni mchoro tu, mathe."

"Ni yeye. Analia hivyo hivyo akiambiwa alime. Siwezi kumchagua huyo hata nikifa."

"Basi chagua aliye karibu naye."

"Nikae karibu naye? Mimi?"

Akaweka kidole kwenye uso unaotabasamu, kwa hasira. Nami kwa upande wangu nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa shuka.

"Mathe wa huku, wewe uko ngapi sasa?" kijana akaniuliza.

"Nilikuwa tatu. Sasa ni nane."

"Nini kimetokea?"

"Shemeji yake."

Kijana akalivuta pazia katikati yetu, lakini pazia halizibi masikio. Nilimsikia akishusha pumzi, halafu akasema kwa upole, "Mathe, tuache hesabu. Hebu kohoa kidogo."

Kikohozi kilitoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa "Woi!", ikafuatwa na mlio wa kitambaa kuchanika.

"Hiyo ni tisa," akasema kijana.

"Mimi sijasema kitu."

"Umesema na mfuko wa koti langu."

Akampa dawa, na baada ya kitambo nikasikia mama akikoroma kwa raha. Tangu hapo kijana hakumwuliza tena nambari bila kwanza kumwambia akohoe au ageuke, na mimi akanitaka nifanye vivyo hivyo. Ilisaidia. Nikiwa nimelala kimya nilikuwa tatu. Nikijaribu kuketi, nilipanda hadi saba.

Kesho yake asubuhi kijana alipopita kutuona, mama alikuwa ameketi, amechangamka, anakunywa uji. Alimtazama akitembea kati ya vitanda, kisha akasema, "Kijana wangu, na wewe uko ngapi?"

Akacheka kwanza. Halafu akafikiria kidogo. "Miguu? Miguu ni sita."

Mama akajisogeza taratibu, akishikilia tumbo, mpaka ukingo wa kitanda ukabaki wazi.

"Keti," akasema. "Na usinipunguzie."

Akaketi. Nikamwambia avue lile koti la mfuko uliochanika, anipe niushone, kama kuna mtu wa kunitafutia sindano na uzi.