Chumvi ya Tangi la Kendi

Nacheka nikisimulia, lakini inaniuma. Mimi nyanya mzee, nafagia kwa Kendi, pale watu wanalipa waelee kwa tangi la maji ya chumvi. Nilizoea kumwigiza afisa wa afya, na pua juu: "Chumvi ikipungua, wadudu wanazaana, nafunga!"

Mimi mfugaji, najua chumvi ni ya mbuzi. Ukame uliniachia moja tu. Basi nikawa naichotea hayo maji, halafu najaza tangi na ya mfereji.

Juzi afisa akapima. "Kendi, chumvi imeenda wapi? Hii si ya kula, inaharisha. Nafunga leo."

Kendi akalia. "Shosho, nyanya yangu, nani amechota maji?"

Nikatafuta sauti ya mtu nijibu nayo, nikapata yangu tu.

"Mbuzi yangu, mama. Imeharisha, imekufa asubuhi."