Intumba za Mama Bertilla

Mama Bertilla hakukataa kulima. Naanza na hilo, kwa sababu kijiji kizima kilimsingizia uvivu, na mimi niliyepakana naye shamba nilichoka kubishana nao. Alilima. Alichokataa ni kufukia intumba.

Huku kwetu Ufipa uwanda ni majani matupu, na udongo peke yake haumshibishi mtu. Kwa hiyo mvua zinapoelekea ukingoni tunakata majani pamoja na mizizi yake, tunayalaza kifudifudi, tunayafunika kwa udongo, mpaka shamba zima linakuwa vilima vinavyofika magotini. Hizo ndizo intumba. Juu yake unapanda maharage ya kusogezea siku. Ndani majani yanaoza polepole. Ulezi wenyewe unaumwaga mvua za mwaka unaofuata, ukishavitawanya vile vilima. Maana yake, anayefukia intumba anaamini mwakani atakuwepo, na atakuwepo palepale.

Mama Bertilla, ambaye jina lake la ubatizo ni Dominika, aliamini hivyo mwanzoni mwa mwaka 1974. Yeye na mumewe Wilibrodi walifukia shamba lao lote kule milimani, nyuma ya kijiji cha Kate. Kabla hawajatawanya, Operesheni Vijiji, ile amri ya serikali ya kuhamia vijiji vipya, ikawafikia. Lori likawashusha huku barabarani pamoja nasi wengine, kila familia na fito zake, tukaambiwa tujenge. Viongozi walisema shule itakuja, na sisemi walikuwa waongo, maana shule ilikuja. Ila mvua ilitangulia. Wilibrodi alinyeshewa ndani ya kibanda cha majani, akashikwa na kichomi, akafa kabla ya Noeli. Kaburi lake lilikuwa la kwanza katika kijiji kipya.

Ilipofika Februari, wanawake tukashika majembe. Dominika alisimama mpakani akaangalia vilima vyangu.

"Umechimba makaburi mengi, Silvana," akasema, akaenda zake.

Akapanda mahindi kwenye udongo mtupu, yakatoka ya manjano, mafupi, ya kutia huruma. Jumapili alikuja kanisani lakini alikaa nje, mgongo ukutani. Katekista akamwambia subira yavuta heri. Wengine wakamwambia baada ya dhiki faraja. Mimi sijapata kuwapenda watu wanaofariji kwa methali wakiwa wameshiba. Methali ni nzuri, lakini huwezi kuisonga ugali.

Kisha akaja Urbano, mdogo wake Wilibrodi, seremala wa Chanji kule Sumbawanga mjini. Alimwona Bertilla, mtoto wa pekee wa marehemu kaka yake, miguu imekuwa kama vijiti. Hakugomba. Alisema tu kwamba mvua zikikatika na shamba likiwa hivi hivi, atamchukua mtoto akamlee mjini. Kwa desturi yetu haki alikuwa nayo, mtoto ni wa ukoo wa baba. Dominika akajibu, "Sawa, shemeji," kama mtu anayeitikia salamu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mama anayeambiwa atanyang'anywa mwana halafu akasema sawa, huyo amekwisha kata tamaa.

Siku chache baadaye aliniomba nimsindikize mahameni kwao akachukue jiwe la kusagia, maana siku ya kuhama lori lilijaa, jiwe likabaki. Tulitoka alfajiri. Tulipofika, nyumba ilikuwa kuta tu, na majani yamesimama mpaka mlangoni. Akainama kulitafuta jiwe lake. Mimi nikazunguka nyuma kuangalia shamba, nikamwita.

Magugu yalikuwepo, tele. Lakini juu ya intumba zao maharage yaliyopukutika wakati wa mavuno yalikuwa yameota yenyewe, yametambaa kutoka kilima hadi kilima, yamebeba. Hakuna aliyepalilia. Hakuna aliyepanda. Dominika akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kilima mpaka kwenye kiwiko. Majani waliyoyafukia hayakuwepo tena. Alitoa udongo mweusi, laini, unaonukia mvua.

Akalia. Nilikuwa nimemsikia akilia msibani, na kilio hiki hakikuwa kile.

"Tulifukia pamoja, mimi na Wilibrodi," akasema. "Yeye amekufa, mimi nimehamishwa, na kazi haikusimama hata siku moja. Silvana, nilidhani Mungu tulimwacha huku. Nilidhani hakupanda lile lori."

Nashukuru sikumtafutia methali. Alisali Baba Yetu kwa Kifipa, polepole. Alipofika kwenye mkate wa kila siku aliyarudia maneno hayo, kisha akaendelea. Tulirudi na maharage vichwani, jiwe tukaliacha.

Kesho yake alianza kukata majani. Alikuwa amechelewa, udongo umeshaanza kuwa mgumu, na wapo waliosimama barabarani kumcheka. Urbano alipokuja kumchukua mtoto alimkuta katikati ya vilima, viganja vimechubuka.

"Shemeji, hivi vitakulisha lini?"

"Mwakani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu mchukue Bertilla, ale kwako. Ulezi ukiiva nitamfuata mwenyewe."

Urbano alikuja amejiandaa kwa ugomvi, akakosa pa kuuanzia. Alimbeba mtoto mgongoni. Dominika aliwaangalia mpaka barabara ilipopinda, akarudi kwenye jembe.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Tulikula unga wa njano wa msaada, na ulipokosekana tulikula mboga za majani. Dominika alikonda mpaka gauni likamzunguka mara mbili. Jumapili sasa alikaa ndani, benchi la mbele. Nikamuuliza kama amekwisha msamehe Mungu.

"Bado namkasirikia," akasema. "Ila sasa namkasirikia nikiwa ndani."

Desemba alivitawanya vilima, akamwaga ulezi. Katikati ya mwaka 1976 aliuvuna, akausaga, akajitwisha kiroba cha unga akaenda nacho Chanji. Alirudi na Bertilla, amenenepa, anamwamkia mama yake "shikamoo" kwa haya kama mgeni. Hilo lilimuuma Dominika kuliko njaa yote, aliniambia. Mtoto alichukua miezi kumzoea tena.

Mvua zilizofuata, uvumi ukaenea kwamba tutahamishwa tena, tusogezwe karibu na mto. Wanaume wakaweka majembe chini. Nani alime shamba la kuacha? Nami nililiegemeza langu ukutani. Lakini kila asubuhi nilimwona Dominika kule ng'ambo ya mpaka, anakata majani, analaza, anafunika. Mwisho nikakasirika, nikavuka.

"Mama Bertilla, na wakituhamisha?"

Hakuinua mgongo.

"Basi atakayekuja atakula," akasema, akakata bonge jingine.