Posa Isiyo na Kahawa ya Kutafuna

Tamthilia tuliyokuwa tukitazama mimi na mama yangu hapa Ihanda ni ya watu wenye ngazi ndani ya nyumba na wasiofanya kazi yoyote. Siku ya posa, washenga walikunywa juisi kwa mirija, wakapewa binti. Mama alisubiri kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ambayo kwetu bila hiyo hakuna ndoa, kiletwe, hakukiona. Hata kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za heshima, wageni hawakupewa. Tangu hapo, kwa Mama, bibi harusi akawa "yule msichana anayekaa pale."

Wiki iliyopita mume alimfukuza kwenye mvua kubwa, nywele zake zikagoma kulowa. Mimi, msomi wa familia, nililia hadi kanga ikalowa. Mama aliendelea kumenya ndizi.

"Unalia nini? Kwani hao walioana lini?"