Majani Aliyoyang'oa Yohane

Ukimsikiliza Yohane, ugomvi wake na Heri ulianza siku mdogo wake huyo alipompita njiani bila kumwamkia. "Mimi kaka yake mkubwa, shikamoo tu imemshinda!" Aliyasema hayo dukani, akayasema kwenye mizani ya kupimia chai, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akayasema hata kwa mchungaji. Watu walimwonea huruma. Mwenyewe ni hodari wa kusuluhisha ndoa za wenzake, na kila anayekuja kulalamika humwuliza, "Na wewe ulifanya nini?" Swali zuri sana hilo. Yeye hakuwahi kujiuliza. Nyani haoni kundule.

Basi tuanze pale asipopenda tuanze. Huko milimani juu ya Mponde, shamba la Yohane liko juu na la Heri liko chini yake, kwenye mteremko mkali. Ukingoni, katikati ya mashamba hayo, marehemu baba yao alipanda majani ya gwatemala. Mizizi yake hushika udongo, majani hulisha ng'ombe. Heri alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, akawa anayakata. Yohane akasema anakata upande usio wake.

"Kaka, haya si ya baba?" Heri aliuliza.

Neno hilo lilimchoma Yohane kuliko lilivyostahili. Kesho yake alishika jembe akayang'oa yote, hakubakiza hata shina moja, akapanda kabichi mpaka ukingoni.

Masika yakaja, na kabichi haishiki mlima. Alfajiri moja udongo ulishuka, ukalifukia jiko la Heri pamoja na banda, na ng'ombe akafia humo humo. Watu walinusurika. Yohane alifika akasimama na majirani penye matope, akasema, "Mvua ni ya Mungu." Heri alimtazama, akangoja, kisha akageuka. Tangu hapo hakumwamkia tena.

Sasa Evelina, mke wa Yohane, akarudi kutoka kisimani na habari. Heri amepata kibarua cha kuchuma chai huko Amani. Anahama leo, mwenye shamba akawe kibarua, na mama yao anakwenda naye.

 Mama Esta alikuwa akikaa kwa Heri, kitinda mimba wake, tangu afiwe na mume. Miguu yake ilikuwa imekufa, hatembei tena. Akiondoka kwenda huko, hatarudi akiwa hai. Yohane alishuka mteremko mbio, kwenye mvua, bila kofia.

"Mnamhamisha mama bila kuniambia mimi mkubwa?" alianza.

 Wema, mke wa Heri, aliendelea kufunga mablanketi.

"Haya. Kama kuna mahali nimewakosea, tusameheane."

"Shemeji," Wema alisema bila kuinua kichwa, "hapo mahali ndipo tulipomfukua ng'ombe."

Yohane alifungua mdomo aseme habari ya kunyimwa heshima.  Mama yake alikuwa ameketi juu ya gunia la nguo, amevaa viatu tayari, anamtazama. Akapiga magoti.

"Mimi niliyang'oa," alisema. "Nilijua udongo utashuka. Baba alitufundisha sote. Niliyang'oa kwa hasira, na nilipoona banda limefukiwa nikamsingizia Mungu. Heri, mdogo wangu, kosa ni langu." Akalia, mtu mzima, makamasi yakimtiririka.

Heri naye alikuwa analia. "Nimekusamehe, kaka. Lakini ungesema siku ile, tumesimama matopeni, ningebaki. Nilikungoja useme. Nilikungoja masika yote. Sasa shamba lina mtu mwingine, na kule wananingoja kazini."

Honi ikalia barabarani, chini kabisa. Gari lisingeweza kupanda utelezi ule. Mama Esta akasema kwa Kishambaa, "Anibebe Yohane."

Akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na mikono yake ilimshika shingoni kwa nguvu. Njiani Yohane alimsihi. Alimwambia atamjengea chumba, Evelina atampikia, majani yatapandwa upya.

"Umesema vema leo, mwanangu," alijibu sikioni mwake. "Ila heri ungesema kabla sijafungiwa mizigo. Wema ndiye anayeniogesha. Nimwache aende peke yake?"

Walipofika garini Heri alifungua mlango, Wema akatandika blanketi kwenye kiti. Yohane akageuka ili mama yake aketi, na mama akaachia shingo. Yohane hakuachia. Alisimama pale barabarani ameikumbata miguu ile iliyokufa, ikabidi mdogo wake amfungue vidole kimoja kimoja.