Futi Alivyomwonea Wivu Pacha Wake

Fundi wa makochi ambaye wateja humwita Futi ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka ishirini na sita amefungua karakana yake saa moja na nusu asubuhi. Jina hilo alilipata kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata akienda msibani. Hupima mara tatu kabla ya kukata. Misumari midogo huibana midomoni, sita kwa mpigo, akaitoa mmoja mmoja bila kuangalia. Ndiyo maana akiwa kazini hajibu salamu.

Ana pacha. Walipishana dakika kumi na mbili, Futi akitangulia, na wanafanana kiasi kwamba picha zao za utotoni hata mama yao huzitambua kwa kovu la goti. Pacha huyo anaitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima.

Redio alivuta unga wa heroini kwa miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo aliuza jiko la mama, mlango wa choo na cherehani ya karakana, ile ya kushonea ngozi. Futi alitafuta cherehani nyingine, akatia mlango mwingine, akampeleka mama hospitali presha ilipopanda, kisha akarudi kazini. Hakuna aliyempigia makofi.

Miaka miwili iliyopita Redio akaingia kliniki. Kila asubuhi alipaswa kunywa dozi yake ya methadoni, dawa ya kumwachisha unga, dirishani, mbele ya muuguzi, kisha aseme neno, ili ionekane kwamba ameimeza na hajaificha mdomoni akaiuze nje. Wiki za mwanzo Futi ndiye aliyekuwa akimpeleka.

"Sema kitu," muuguzi alimwambia siku moja.

"Niseme nini tena, Sista? Jana nimekuposa, hukunijibu."

Foleni nzima iliangua kicheko, mlinzi naye akacheka. Futi alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa ameamka kabla ya wote, amemwamsha mwenzake, amemshika mkono njia nzima, na hakuna aliyemuuliza jina. Mgonjwa mmoja mzee alimpiga begani kwa nyuma: "Hongera bwana! Umenawiri!" Alidhani ni Redio. Futi hakumsahihisha. Alikaa na ile hongera mpaka karakana, na hata mchana alikuwa bado nayo.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Redio akimaliza chakula, mama alishika simu kumpigia dada yake: "Leo kamaliza sahani nzima, nakwambia!" Futi alikuwa akimaliza sahani yake kwa miaka arobaini na tano.

Redio aliporudi kumsaidia Futi karakanani, wateja nao wakageuka. Kulikuwa na mama mmoja mwenye makochi ya rangi ya chungwa, mteja wa Futi tangu zamani. Alichungulia mlangoni akauliza, "Yule mchangamfu hayupo leo? Basi nitapita kesho." Futi alikuwa amesimama hapo hapo, misumari midomoni.

Mwezi wa tatu wa matibabu, daktari wa kliniki aliwaita wote watatu, mama na wanawe. Alitaka ramani ya mitaa ambayo Redio hapaswi kupita, na familia iweke sahihi. Futi aliichora mwenyewe kwa rula. Alitia wino mwekundu sehemu tatu, na ya kwanza ilikuwa kichochoro kilicho kando ya ghala la vitambaa, alikokuwa akivutia Redio. Alipomaliza aliweka kalamu chini.

"Daktari, nina swali. Sisi tumetoka yai moja. Mama mmoja, ziwa moja, darasa moja. Mbona mimi sikuvuta? Hii ni tabia tu, si ugonjwa."

"Wewe hata soda hunywi kwa kuogopa mapovu," Redio akasema.

Mama akacheka. Futi akauma meno.

"Vinasaba vyenu ni vilevile, hilo ni kweli," daktari alisema. "Lakini mwili hausomi vyote kwa pamoja. Kuna vinavyofunguliwa visomwe, na kuna vinavyofungwa. Unga ukiingia mara elfu na zaidi, ubongo hubadili mpango huo. Vingine husomwa kupita kiasi, vingine hubanwa. Maandishi hayaguswi, kinachobadilika ni kipi kinasomwa." Akamtazama Futi. "Wewe ni fundi. Una violezo vya karatasi vya kukatia vitambaa?"

"Ninavyo."

"Ukikunja upande mmoja wa kiolezo ukaubana kwa pini, umekibadilisha?"

"Hapana. Lakini kochi litatoka jingine."

"Basi ndiyo hivyo."

"Na hizo pini, zinatoka?" mama aliuliza.

"Nyingine baada ya wiki au miezi. Nyingine hukaa miaka, na bado hatuzijui zote. Mengi tumejifunza kwa panya, na kwa ubongo wa watu waliokwisha kufariki. Huyu hatuwezi kumfungua tukahesabu. Tunachokiona kwa wengi ni kwamba mtu anaweza kuwa mzima kabisa, akapita mahali alipokuwa akivutia, na mwili ukaitikia kabla yeye hajafikiri. Kwa hiyo ramani hii si mapambo."

"Kwa hiyo jiko la mama liliuzwa na vinasaba," Futi alisema.

"Aliliuza yeye. Nakueleza kwa nini kuacha ni kugumu. Sijamfutia kosa."

"Niliuza mimi," Redio alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Mama akamshika mkono. Mkono wake wa pili, ulioelekea upande wa Futi, ulikuwa umeshika mkoba.

Jumanne moja, yule mteja wa makochi ya chungwa alirudi kuchukua kochi lake. Alilibonyeza huku na huku, akamwambia Redio: "Nilijua tu. Likipita mikononi mwako linatulia zaidi."

"Hilo kafanya kaka, mimi nilishika taa tu."

"Acha unyenyekevu wako!" Akaondoka akicheka.

Kochi lile Futi alikuwa amelishughulikia siku tisa. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Redio alimtetea. Hata wema sasa ulikuwa wa Redio.

"Kitambaa cha kijani kimepungua mita mbili," Futi alisema. "Nenda ghalani."

Redio aligeuka. "Ghalani? Kule kwa kichochoro? Duka la barabarani hawana?"

"Hawana."

Hakuwa amewauliza, na alijua wanacho. Redio akasema, "Sawa, kaka," akatoka. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Kwenda na kurudi ni dakika ishirini na tano. Futi alijua anachokitaka, na hakujificha. Alitaka, japo mara moja tu, mwenzake arudi akiwa na macho mazito na ulimi mzito, mama amwone, apige simu kwa dada yake na kutaja jina la mwana mwingine. Alipima kitambaa cha mto mara nne, akakikata, kikatoka kifupi kwa nusu kiganja. Akakitazama. Saa tano kasoro tano aliacha mlango wazi akatoka mbio.

Redio alikuwa penye kona ya kile kichochoro, hajafika ghalani. Alikuwa amekumbatia nguzo ya taa kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka, kamasi zilimtoka, alipiga miayo mfululizo kama mtu mwenye arosto, aliyeukosa unga, na dozi yake alikuwa ameinywa asubuhi ile ile. Ndani ya kichochoro mtu akapaza sauti: "Redio! Vipi, betri zimeisha? Njoo tukuchaji!" Wengine wakacheka.

"Kwenda siwezi, kurudi siwezi," Redio alisema bila kugeuka. "Miguu inataka kuingia. Mimi sitaki. Nikiiachia nguzo hii sijui nani atashinda."

Futi alimwachisha ile nguzo kidole kimoja kimoja. Akamshika kiuno, wakaondoka kuelekea kliniki. Walitembea kama watu waliofungwa miguu pamoja. Waliopishana nao njiani walitazama sura mbili zinazofanana, wakapisha.

Walipovuka barabara ya pili, Redio aliuliza: "Duka la barabarani wana kijani?"

"Wanacho."

"Ulijua."

"Nilijua. Na ramani nilichora mimi."

Walifika getini mwa kliniki. Redio akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mimi nilikuibia nikiwa sijitambui. Wewe umenifanyia hivi ukiwa mzima, umeshakunywa chai yako."

Futi aliishika futi shingoni.

"Mama utamwambia wewe, leo hii. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi unanijua, sitabakiza." Akaingia ndani peke yake.

Nyumbani, mama alikuwa kitandani kwake akikunja nguo zilizokauka. Futi alisimama mlangoni, futi shingoni, akamweleza yote kwa mpangilio: alichosema mteja, alichosema yeye, saa aliyomtuma, alivyomkuta. Hakuruka kitu wala hakupunguza. Mama aliacha kukunja.

"Yuko wapi sasa?"

"Kliniki. Hakuvuta."

"Na wewe, kwa nini?"

Futi akasema, "Nimechoka kuwa mzima, mama."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama anayemtafuta.

"Wewe hukunipa hofu hata siku moja," alisema mwishoni. "Nikakuacha ujiangalie mwenyewe. Leo umenipa hofu kuliko yeye."

Aliinuka, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda. Futi aliinama amsaidie. Mama akausogeza mkono wake pembeni.

"Nakwenda kwa mwenzio. Usitoke humu. Nikirudi, nina maneno na wewe, na si machache."

Futi alikaa kitandani katikati ya nguo ambazo hazijakunjwa. Karakana ilikuwa wazi bila mtu, na ilikuwa saa sita mchana. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Lakini ndani ya hofu hiyo kulikuwa na jambo jingine, ambalo wiki mbili baadaye alimweleza daktari akiwa ameinamisha kichwa: alikuwa na furaha kidogo, kwa sababu safari hii mama angerudi nyumbani kwa ajili yake.