Kurasa Kumi na Sita za Kuku

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke yule alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, na kama kuna mtu anayedhani hiyo ni kazi ya kusimama tu mahali pamoja, basi na aje asimame. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha ila tundu la kutolea mvuke, na mashine ya pasi ilikuwa ndefu kama kitanda. Shuka liliingia upande mmoja likiwa bichi, likatokea upande wa pili limenyooka, naye akalikunja mara nne na kuliweka juu ya mengine. Ikifika saa nane mchana, miguu yake ilikuwa imejaa hadi mikanda ya ndala imeacha alama. Mara mbili alikuwa ameomba ahamishiwe stoo, ambako watu hukaa, na mara mbili ombi lake likarudi na mhuri wa kukataliwa.

Wenzake sita mle chumbani walimwita Mama Roketi, na jina hilo alijitakia. Wakati wa chai, wenzake wakiwasengenya wauguzi, yeye aliegemea rundo la mablanketi akasoma vitabu vyembamba vyenye majalada yaliyochorwa kwa mkono: vyombo vya anga vyenye umbo la birika, majangwa ya zambarau, watu wanaoning'inia kwa kamba juu ya mashimo yasiyo na mwisho. Havikuwa vitabu vya maduka makubwa. Viliandikwa na watu waliojichapishia wenyewe, karani huyu, fundi cherehani yule, mwalimu mstaafu, vikauzwa na muuza magazeti wa pale karibu na hospitali, vimebanwa katikati ya kalenda na vitabu vya hesabu. Makosa yalikuwa tele. Shujaa aliyepoteza jicho la kushoto ukurasa wa kumi alikonyeza kwa jicho hilohilo ukurasa wa arobaini. Mama Roketi hakujali. Mtu aliyeandika kitabu kizima baada ya saa za kazi, akakibeba mwenyewe begani hadi kwa muuza magazeti, alistahili kusamehewa jicho moja.

"Hivi wewe, na umri huu, unatafuta nini huko mwezini?" ndivyo alivyokuwa akiulizwa na Kipaza, yule wa mashine ya kukaushia, aliyepewa jina hilo kwa sababu sauti yake iliishinda mashine yenyewe. "Huku duniani mashuka yameisha?"

"Huko kuna mtu namjua," alijibu.

Na kweli alikuwepo. Kati ya vyote, alichokipenda zaidi ni mfululizo wa vitabu sita kuhusu chombo kinachosafirisha maji kutoka sayari hadi sayari. Nahodha wake alikuwa kijana mwenye maneno mengi, hodari wa kupigana na maharamia, na huyo hakumshughulisha hata kidogo. Aliyemshika moyo ni Fundi Mkuu, mwanamke mtu mzima aliyetunza mabomba na matangi, mwenye magoti mabovu, anayenung'unika peke yake kwenye ngazi. Katika vitabu vitano vizima Fundi Mkuu hakuwahi kukaa. Kila alipovuta kiti, kengele ililia. Mama Roketi alisoma akingoja jambo moja tu, siku watakayomwacha mama wa watu akae.

Kitabu cha sita ndicho kilikuwa cha mwisho. Tangi kuu lilikuwa limepasuka, lazima mtu mmoja aingie kuziba ufa kwa ndani, na bila shaka aliyeingia ni Fundi Mkuu. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili ulimalizika hivi: "Mlango ukafungwa nyuma yake, na maji". Mama Roketi akafunua, roho mkononi. Ukurasa uliofuata ukaendelea: "yabadilishwe kila asubuhi, na vyombo vya vifaranga vioshwe kwa sabuni."

Msomaji mwingine angekitupa. Yeye alisoma kurasa tatu kwa makini, akiamini kwamba kuku wameingizwa chomboni kwa sababu maalumu, maana katika hadithi hizi alikwishaona makubwa kuliko kuku. Alipofika kwenye dawa ya minyoo ndipo alipokubali yaishe. Wachapaji walikuwa wamechanganya mafungu ya kurasa: fungu la mwisho, kurasa kumi na sita, lilitoka kwenye kitabu cha ufugaji. Akarudi kwa muuza magazeti, wakafungua nakala zote tatu zilizobaki, na zote zikaishia bandani.

Alijaribu kuachana na jambo hilo. Alijiambia kwamba ni hadithi tu, kwamba mtu mzima ana mambo yake. Lakini kila alipokunja shuka alimwona yule mama ndani ya tangi, gizani, mlango umefungwa, na hakuna anayejua kama ametoka. Ilimuuma, na aliona haya kwamba inamuuma.

Nyuma ya jalada paliandikwa kwamba mwandishi ni mfanyakazi wa idara ya maji, dirisha namba nne. Basi siku moja alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda huko na ndala zake zilezile za kazini, na huko akakuta kwamba dirisha namba nne ni la malalamiko. Akapanga foleni nyuma ya watu waliokatiwa maji kimakosa, akasimama tena, kana kwamba siku nzima alikuwa amelala. Nyuma ya kioo aliketi mwanamume wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, uso wa mtu ambaye tangu asubuhi hajaambiwa neno jema.

"Namba ya mita?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sina habari ya mita, kaka. Nina ukurasa wa mia moja na kumi na mbili."

Akapenyeza kitabu chini ya kioo. Yule bwana alikuwa amekwisha kuvuta fomu ya malalamiko, kalamu i mkononi, na akabaki hivyo hivyo. Akasoma ukurasa, akafunua, akasoma habari za vifaranga, akafunua tena. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwahi kuzifungua kurasa hizo. Mwisho wa kitabu chake alikuwa nao kichwani, afungue atafute nini?

"Hiki kimetoka miezi minne sasa," alisema taratibu. "Nakala mia mbili zimekwenda. Kuna mwingine yeyote aliyesema?"

Hapo Mama Roketi akatambua ni kitu gani alichomletea mtu huyu. Miezi minne, nakala mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyefika mwisho akashangaa kukuta kuku. Alimwonea huruma hadi akatamani angebaki nyumbani. Hakuwa mtu wa uongo, na siku hiyo alikuwa amechoka mno hata kuutunga, lakini mdomo ukamtangulia.

"Kazini kwetu, chumba cha kufulia cha hospitali, tuko saba," alisema. "Tunakisoma kwa zamu. Wenzangu ndio walionituma, hawana raha kabisa."

"Saba," alisema yule bwana, na kwenye fomu ya malalamiko akaandika: saba.

Alimwomba angoje hadi dirisha lifungwe. Mama Roketi akakaa kwenye benchi la wateja, akanyoosha miguu, na kwa nusu saa hakufikiri lolote. Kisha mwandishi akaja na daftari nene lililochakaa kwa kukaa kwenye droo, akaketi kando yake.

"Mchapaji nitaonana naye," alisema. "Lakini wewe dada yangu umehangaika. Ngoja nikusomee."

Alisoma kwa sauti ya chini, ileile ya kuulizia namba za mita. Fundi Mkuu alikuwa tangini, maji yamefika kifuani, vidole vimekufa ganzi. Aliupata ufa kwa kupapasa. Akaikandamiza gundi kwa mgongo wake, akangoja ikauke, akiwaza magoti yake, akiwaza kwamba katika zamu hii hakuna wa kumpokea. Mwandishi akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Mama Roketi akatupia jicho daftari. Pale chini ulibaki mstari mmoja tu, na baada yake wino mnene uliopigwa kwa rula kuonyesha mwisho. Aliusoma mwenyewe kabla kidole cha mwandishi hakijauziba: walipofungua mlango, tangi lilikuwa zima, na Fundi Mkuu hakuwa akipumua.

Mwandishi alikuwa akiitazama miguu ya Mama Roketi, ile miguu iliyojaa ndani ya ndala. Akainua daftari karibu na uso.

"Walipofungua mlango," akasema, akivuta maneno mojamoja, "alikuwa... alikuwa hai. Amelowa, amekasirika. Akawauliza walikuwa wapi muda wote huo. Nahodha akamletea kiti chake mwenyewe. Akakaa. Kengele ikalia, na safari hii... safari hii akaenda mwingine."

Akalifunga daftari upesi. Mama Roketi alijifuta machozi kwa kiganja na hakutaja alichokiona.

"Asante, kaka," alisema. "Nitawaambia wenzangu."

Wiki mbili baadaye uongo wake ulimfuata kazini kwa miguu. Mwandishi alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, mvuke umetanda kwenye miwani yake, na bahasha kubwa kwapani. Ndani yake mlikuwa na vijitabu saba vya kurasa kumi na sita, vimebanwa pini. "Ni mwisho wa hadithi ya fundi wa mabomba," alisema, "wiki mbili zilizopita niliambiwa ninyi saba hamna raha." Mama Roketi akataka ardhi ipasuke immeze. Kipaza, ambaye hajawahi kufunua kitabu mle ndani ila kukicheka, alipokea cha kwanza, akakigeuza nyuma na mbele, kisha akamtazama Mama Roketi usoni mara moja tu.

"Umechelewa, mzee," Kipaza akamwambia mwandishi kwa sauti yake yote. "Wiki mbili sisi humu hatuna raha."

Wale wengine watano wakapokea vyao kwa mikono miwili, wametulia kama watu walio mbele ya hakimu. Mwandishi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaaga kwa kutikisa kichwa, akapanda ngazi.

Mama Roketi alifunua ukurasa wa mwisho akiwa amesimama, shuka likiwa nusu ndani ya mashine. Mwandishi alikuwa amechapa vilevile alivyosema siku ile. Kiti kilikuwepo, na kengele, na yule mwingine aliyekwenda.

"Haya, tuambie basi," alisema Kipaza, kijitabu kikiwa juu chini mkononi mwake. "Huyo mama yenu wa mabomba. Kafa?"

"Hajafa," alisema Mama Roketi. "Amekaa."

Kipaza akaliangalia rundo la mashuka lililokuwa likiwangoja tangu asubuhi.

"Bahati yake," alisema, akarudi kwenye mashine.